Wa Kumtembeza Bosi

Kabla hakujapambazuka, kucha za mbwa Bosi zilikuwa zikikwaruza mlango. Eunike, muuguzi ambaye hurudi nyumbani giza limeshaingia, alikwisha kuvaa viatu vya kazi. Jana yake mwenye nyumba alimwonya kwamba mbwa akilia tena mchana kutwa, itabidi aondolewe. Majirani aliowaomba wamtembeze kwa malipo walimcheka.

“Mbwa atembezwe? Kwani bibi harusi huyo?”

Eunike hakuwa tayari kumtupa. Alimfunga Bosi kamba, akaenda kupiga hodi kwa Bi Sikudhani, yule yule aliyemshtaki kwa mwenye nyumba.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Umekuja kunigombeza alfajiri yote hii?”

“Nimekuja kukupa kazi. Mtaa mzima ni wewe tu unayejua anavyolia nikiondoka.”

Bi Sikudhani alimtazama mbwa kwa muda mrefu.

“Huyu halii njaa,” alisema. “Analia upweke. Ndiyo maana nilishindwa kuuvumilia mlio wake.”

Akajitanda kanga, akaipokea kamba. Kabla ya hatua ya kwanza aliinama taratibu, mkono kiunoni, akailegeza pale ilipombana Bosi shingoni. Bosi akamlamba kiganja, naye hakukifuta.

Eunike alishukuru, akageuka kwenda kazini.

“Wewe, mwanangu,” Bi Sikudhani alimwita. “Ukitoka huko, hata kukiwa usiku, pita tena hapa kwangu. Mlango sitaukomea.”