Hodi ya Hondohondo

Alikuwapo Hondohondo dume, mpenda mizaha. Mkewe alipotaka kutaga, alijifungia katika tundu la mti, wakaziba mlango kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula. Humo manyoya ya mabawa yake yakapukutika, akawa wa kulishwa tu. Mume alikuja na kuyu mdomoni, hivyo hakuweza kusema. Aligonga mara tatu, na mke akapokea.

Makinda walipoanguliwa, mume alijisemea moyoni, “Kila siku kugonga tatu, kama ng’ombe aendaye kisimani! Leo nitamshtua acheke.”

Akaukwaruza udongo polepole. Mke akajua huyo ni Kanu, mla makinda. Akachoma ufani kwa mdomo wake, kwa nguvu zake zote.

“Mama watoto, umenitoboa jicho!” mume alilia, kaning’inia kwenye gome la mti.

“Baba watoto! Mbona hukugonga?”

“Nilitaka kukufurahisha.”

“Humu gizani sina kingine cha kukujulia, bwana wangu.”

Mara mke akasikia kishindo cha mumewe chini. Akaubomoa mlango, akachungulia, na mabawa ya kumfuata hana.

Makinda walilia njaa siku mbili. Siku ya tatu hawakulia.