Bibi Muhanga Mlangoni

Enzi hizo wanyama walikuwa na vikao vingi kuliko nyasi. Ngiri waliingia mashimoni kinyumenyume, macho yakibaki mlangoni, kama wafanyavyo hadi leo. Ngiri mdogo mmoja tu ndiye aliyelala nje. Siku moja, akiwa shimoni akitazama mlango, alimwona Chui akimchukua mama yake, na tangu hapo hakuingia tena.

Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, akaitisha kikao. "Kijana, jikaze. Hayo yameshapita. Ingia kama wenzako, Chui bado yupo."

"Nikiingia hivyo, namwona mama."

"Basi usimwone," akasema Hondohondo, akafunga kikao.

Muhanga, bibi wa kuchimba mashimo, hakuitisha chochote. Kila jioni alikuja kukaa kando ya mtoto, akila mchwa wake na kuyalalamikia magoti. Mtoto akamzoea, akawa anamngojea.

Jioni moja Chui akakohoa karibu nao.

"Bibi, naogopa."

"Tangulia kwa kichwa, mjukuu wangu. Wewe tazama ukuta, mlango nitautazama mimi."

"Ngiri haingii hivyo," Hondohondo akapaza sauti toka mtini.

"Huyu anaingia."

Mtoto akatangulia, na Muhanga akafuata kinyumenyume, kucha zake ndefu zikielekea nje. Chui alifika, akaziona zile kucha, akaenda zake.

Muhanga hayupo tena. Ngiri yule amezeeka, na siku hizi anaingia kinyumenyume kama wenzake. Ila akishaingia hujibana upande mmoja, nafasi ya bibi ibaki.