Gari la Tunu

Siku hizi gari lililotumika huuzwa pamoja na kumbukumbu zake. Kuzifuta ni bei nyingine. Shamsa alibishana na Kombo, dalali wa magari, tangu asubuhi.

"Punguza basi, kaka."

"Nikipunguza, dada yangu, halifutwi."

"Lisifutwe. Litanila?"

Kombo akacheka, akampa ufunguo.

Kesho yake gari likagoma kuondoka. "Tunu hajapanda," lilisema kwa upole. Shamsa alibembeleza, akafoka, wapi. Mwishowe bintiye Mwatime, aliyekuwa anachelewa shule, akajibu kutoka kiti cha nyuma, "Nimeshapanda." Likaondoka.

Ikawa hivyo kila asubuhi.

Mwezi haujaisha, Shamsa alipakua chakula, akamwita Mwatime. Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema, "Tunu."

"Abee, mama."