Mashine Iliyozimwa na Wacera

Wacera alishika waya wa mashine kuukuu, akasita. Mlangoni alikuwa amesimama mkuu wa chuo.

"Bili ya stima inatumaliza, madam. Hii nayo inafanya kazi gani?"

Ndani yake mlikuwa na programu ya rekodi za wanafunzi, aliyoiandika Wacera mwenyewe akiwa mjamzito, miguu imemvimba. Rekodi zilikuwa zimeshahamishiwa mashine mpya, lakini hii aliiacha ikinguruma usiku na mchana, na kiyoyozi kikiipuliza isichemke.

"Ilifanya," alijibu polepole. "Siku hizi haifanyi."

Akauchomoa waya. Feni zikalegea, zikanyamaza.

Wakasubiri simu za malalamiko. Mhasibu hakupiga. Msajili hakupiga.

"Umeona?" mkuu akacheka. "Hakuna hata aliyejua iko." Akaenda zake.

Wacera aliweka kiganja juu ya bati la mashine. Lilikuwa na joto bado, kama kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi. Alikaa hivyo mpaka likapoa, macho yakimuuma.

Kisha akazima kiyoyozi, akasukuma dirisha lililokwama kwa vumbi. Sauti za wanafunzi zikamwagika ndani, wakibishana, wakicheka.