Nani Kagusa Kompyuta?

"Nani kagusa kompyuta yangu?"

Eugenia alifoka hadi kuku wakatawanyika uani. Ripoti ya ofisi ilitakiwa kabla ya saa sita mchana, na tangu alipoiwasha asubuhi, baada ya kushinda Dar jana yake, hakuna tovuti hata moja iliyofunguka. Kwenye simu, intaneti ileile ya nyumbani ilikuwa inakimbia. Kompyuta tu ndiyo iliyogoma.

Mwanaasha, dada wa kazi, alisimama mlangoni na ufagio mkononi. "Mama, wallahi mimi hata kuiwasha sijui."

"Usiniletee viapo! Nikienda Dar, humu ndani anabaki nani kama si wewe?"

Magembe, fundi wa hapo Mbwawa, alikuwa ameshaketi. Juzi tu alikuja kuweka antivairasi. Alifungua kidirisha cheusi, akaandika ipconfig /all, maandishi yakamiminika.

"Mstari huu wa DNS, mama, ndio unaoiambia kompyuta tovuti ziko wapi. Wako umebadilishwa. Kumi, kumi, kumi, tisa." Hata hakuinama kusoma. "Namba hii haifiki popote. Na haijiandiki yenyewe. Kuna mtu."

"Mtu gani, nasi humu tuko wawili tu?"

"Mimi simtaji mtu, mama. Ila mabinti wa siku hizi, mh!"

"Mama," Mwanaasha alisema, "juzi pale..."

"Funga bakuli lako! Nakulisha, nakuvisha, halafu unanikosesha kazi? Toka!"

Masikini binti wa watu. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inamsomesha mdogo wake kule Dutumi. Alipiga magoti, akalia, akaomba. Wapi! Eugenia alikuwa ameshaliburuta begi lake mpaka getini. Hasira hasara, lakini nani angethubutu kumwambia?

Magembe aliifuta ile namba. Ukurasa wa ofisi ukafunguka, ripoti ikaenda. Eugenia alishusha pumzi, kisha akashika kichwa. "Haya, na kesho nyumba namwachia nani?"

"Usihangaike, mama. Nitakuulizia mtu mwaminifu."

Nje, Mwanaasha alikuwa amekaa juu ya begi, anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Magembe alimpita bila kumsemesha. Alipofika kwenye kona akatoa simu, akapiga kwao Gwata.

"Rahabu, mdogo wangu, ile kazi niliyokuahidi juzi imepatikana. Funga begi."