Wa Chini ya Kitanda

Siku hiyo walimu walikuwa kwenye makumbusho ya sanaa, wakifundishwa namna ya kumfanya mtoto asimulie picha yake. Mwanaheri, aliyemsindikiza bintiye Salha, mmoja wa watoto walioalikwa kuchora, hakuupenda uchokonozi huo hata chembe. Mtaa mzima alikwishauambia kuwa mumewe kasafiri, maana kuna watu wanamtafuta.

Mwalimu mmoja akachuchumaa kando ya Salha.

"Nyumba nzuri! Na huyu chini ya kitanda ni nani, binti?"

"Paka," Mwanaheri akadakia.

"Paka mwenye miwani, dada?" Mwalimu akacheka, lakini hakubanduka. "Hebu tumwache mchoraji mwenyewe aseme."

Salha akamtazama mama yake. Kisha akachukua kalamu nyeusi, akaanza kumchorea babake mkia.