Oili ya Mke Mwenza

Hakuna anayejua magari mtaani kama mimi, ila usukani sijawahi kuushika. Siku hizi kila gari hujieleza lenyewe kwa fundi, na sheria hailiruhusu kudanganya. Mume wangu Kibwana hupiga soga na lake kuukuu kila jioni, nami napoa na chai yangu.

Juzi gia yake ya otomatiki ikawa inachelewa kushika. Fundi Sefu akachomoa kijiti cha kupimia ile oili nyekundu ya gia. Kikavu.

"Imevuja," nikawahi. "Uzee huo, baba."

"Chini hapana tone." Akaligeukia gari. "Bi mkubwa, kulikoni?"

"Sikuvuja," likajibu taratibu. "Mkewe alininyonya kwa mpira wa dripu."

Kibwana akalipapasa boneti. "Kumbe lile doa jekundu kwenye kanga yako halikuwa juisi ya ubuyu."